Gari Asilopanda Mama

Verna Raber hakuondoka kwao kwa ajili ya mwanamume, wala umeme, wala suruali. Nalisema hili mapema kwa sababu ndivyo wanavyodhaniwa wote waliotoka, na watalii wanaolala katika hoteli anayoisafisha pale Millersburg wangefurahi sana jibu likiwa mojawapo ya hayo matatu. Wanatoka mbali kuja kuwatazama Waamishi, wale Wakristo wasiotumia umeme wala kumiliki magari, kwenye vigari vyao vya farasi. Wananunua jamu na mablanketi ya viraka, kisha wanarudi chumbani na kumwambia mwanamke anayewabadilishia mashuka, "Hawa watu wana amani sana, au siyo?" Verna hujibu, "Ndiyo, bibi," akaendelea kukung'uta mto. Hawajui kwamba anayewatandikia ni binti wa Fannie Raber.

Sababu yake ilikuwa ndogo, na pengine ndiyo maana haikusameheka. Kwao, kabla ya Meza ya Bwana, ambayo huandaliwa masika na vuli, kila aliyebatizwa huulizwa kama ana amani na Mungu na amani na kanisa. Watu husema ndiyo. Hata waliogombania ua juzi husema ndiyo, wakamalizana baadaye. Verna alipofikiwa alisema hana. Hakumtaja mtu, hakushtaki. "Naitafuta hiyo amani, siioni," alisema, "na sitaki kusema uongo mbele zenu." Na kanisa lenye mtu mmoja asiye na amani haliketi mezani. Masika ile familia zote za pale zikakosa Meza ya Bwana kwa ajili ya Verna, mwalimu wa shule yao, asiye na mume. Vuli ikaja, akaulizwa tena, akasema vilevile.

Askofu wao ni Rubeni Mast, mzee anayepigilia farasi viatu siku sita za juma. Alimfuata Verna shuleni, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima ngazi. "Verna, mwanangu," alimwambia, "watu wana njaa." Hakumkemea. Angemkemea ingekuwa nafuu. Kabla theluji haijaanza kuanguka Verna alikuwa ameshaondoka, ili wengine wale.

Kuondoka si kosa kubwa sana huko, wengi huondoka. Kosa la Verna ni kwamba alibatizwa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, wasichana wote wa rika lake walikuwa wanajiandikisha kwa mafundisho kiangazi kile, naye akajiandikisha kama mtu anavyokwenda kuchuma matunda kwa sababu wenzake wamebeba vikapu. Akapiga magoti, akaahidi, akamiminiwa maji kichwani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tangu alipotoka, hakuna aliyebatizwa anayeruhusiwa kula naye meza moja, wala kupokea kitu kutoka mkononi mwake, wala kupanda gari analoendesha yeye. Na kanisa la Rubeni Mast ni la wakali, hata mkono hawampi. Dereva wa nje wanamkodi bila shida. Huko kila asiye wa kwao huitwa Mwingereza, hata kama hajawahi kuiota Uingereza, na Mwingereza yeyote mwenye gari anaweza kuwabeba. Verna hawezi.

Sasa mtazame mdogo wake, Atlee. Huyu alitoroka akiwa kijana, kabla hajabatizwa, kwa hiyo sheria haimgusi. Atlee hulewa, hufukuzwa kazi, hulala na viatu. Lakini Jumapili akijisikia huenda kwa mama yake, akaketi ubavuni pake, akala tambi na kuku, akaongeza, na siku Mama ana miadi ya meno, Atlee ndiye anayempeleka na pikapu lake. Wenye methali wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kwao una meno upande mmoja tu, na Verna amekaa nao miaka mingi bila kuuzoea.

Verna alipanga chumba juu ya duka la matairi. Siku za kazi hazikumsumbua, kwa maana vitanda vya hoteli havimpi mtu nafasi ya kuwaza. Jumapili ndizo zilizomwonea. Kwao Jumapili isiyo ya ibada ni ya kutembeleana. Kigari kinaingia uani bila taarifa, wanashuka watu wanane na njaa zao, na mama mwenye nyumba anafurahi kweli. Mjini hakuna aliyegonga mlango wake. Mwaka wa kwanza mfanyakazi mwenzake alimwambia, "Siku moja nije tunywe kahawa kwako." Verna alioka mkate wa tufaha Jumamosi ile, akaoka na iliyofuata, akakaa dirishani akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo. Hakujua kwamba kwa Waingereza maneno hayo ni namna ya kuagana. Hata kupika kwa ajili ya mtu mmoja hakujua. Alichemsha tambi za sufuria zima, akazila mpaka Alhamisi. Jioni nyingine aliizungumzisha birika, kwa lugha ya kwao, ili asiisahau. Alikuwa mpweke, na hakuna neno la adabu zaidi la kusemea hilo.

Walikuwepo waliomwambia mwacha kwao ni mtumwa. Yeye alijua kwamba mtumwa angalau ana mtu anayemwita.

Kitu kimoja alikipenda katika dunia yake mpya: kuendesha. Alinunua gari kuukuu la kijivu, akalisugua kama sufuria ya kanisani. Na kila alipoketi nyuma ya usukani alikitazama kile kiti cha pembeni yake, akatamani jambo moja: Mama apande. Hata mara moja, hata mpaka dukani tu.

Jumapili moja ya Februari simu ikalia asubuhi. Alikuwa Atlee.

"We Verna, umeamka?"

"Niliamka saa kumi na moja. Nani amekufa?"

"Bado. Ni mama mkubwa Mattie. Erma amempigia Mama kwenye kile kibanda cha simu cha barabarani, wanasema hamalizi siku. Mama anataka kwenda hospitali kumwona, na pikapu langu limegoma."

Mattie alikuwa dada mkubwa wa Mama. Ndiye aliyemlea Mama walipofiwa na mama yao, akamfundisha kusuka nywele na kukata tambi. Erma ni binti yake.

"Na Glenn?" Verna aliuliza. Glenn alikuwa Mwingereza mstaafu aliyewaendesha wazee wa pale.

"Glenn yuko Florida anaota jua. Nipe gari lako."

"Nakuja nalo."

"Sikusema uje. Nimesema gari."

"Gari langu haliji peke yake, Atlee."

Atlee akacheka, akakohoa. "Haya. Mimi nitashika usukani, wewe utakaa nyuma, kimya kama gunia la viazi."

Verna alifunga kitambaa kichwani kwa heshima ya mama yake, akatandika blanketi kwenye kiti cha mbele, akajaza chupa ya chai. Alimpitia Atlee kwenye nyumba yake ya bati. Akaja akitafuna peremende kwa bidii. Verna aliendesha hadi kwenye kona ya mwisho kabla ya shamba la kwao, pale ambapo nyumba bado haionekani, wakabadilishana viti kama wezi.

Mama alikuwa anawangoja nje ya ile nyumba ndogo ya wazee aliyojengewa kando ya nyumba ya kaka yao mkubwa. Kaka na watu wake wote walikuwa wamekwenda ibadani na farasi wote. Fannie Raber alikuwa mwanamke mfupi mwenye goti bovu, kofia nyeusi ya kitambaa, shali nyeusi. Aliinama, akachungulia ndani.

"Gari la nani hili?"

"La Verna," alisema Atlee.

"Na anayeendesha?"

"Mimi, Mama. Mtukutu wako."

Mama alifikiri kidogo. "Basi sawa," akasema, akapanda. Akafunga mlango kwa mikono miwili. Kisha, bila kugeuka, akaita, "Verna."

"Mama."

"Umekonda."

"Sijakonda, Mama. Ni hizi nguo."

"Basi hizo nguo zinakunyima chakula."

Verna alicheka nyuma huko, akaziba mdomo. Harufu ya sabuni na moshi wa kuni ilikuwa imelijaza gari lake. Alifurahi hata akaona haya, maana mtu hafurahi siku mama yake mkubwa anapokufa. Lakini alifurahi.

Atlee akarudisha gari nyuma. Kukasikika kishindo, na nguzo ya sanduku la barua ikalala chini.

"Ilikuwa imeoza," alisema Mama.

"Atlee," Verna alisema, "geuka unitazame. Umekunywa."

"Jana hiyo."

"Jana mpaka saa ngapi?"

"Jana mpaka ikawa leo," alijibu Atlee, akacheka peke yake.

Verna alinyoosha mkono katikati ya viti, akazima gari, akachomoa ufunguo. "Toka hapo. Naendesha mimi."

Halafu Mama akasema polepole, "Verna, mrudishie ndugu yako ufunguo."

"Mama, huyu haoni hata nguzo iliyosimama pale tangu azaliwe!"

"Ataona tukifika barabarani."

"Mtakufa barabarani."

"Tukifa, nitakufa nikiwa sawa na kanisa."

"Mama, nakuomba. Leo tu. Hakuna anayeona, wote wako ibadani."

Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu, na Verna alijua kabla hajamaliza kuyasema. Fannie Raber hakuwa mtu wa kushika ahadi kwa kuwa anatazamwa.

"Mimi naona," alisema Mama. Akafungua mlango, akashusha mguu mzima kwanza, kisha ule mbovu. "Niliahidi nikiwa nimepiga magoti. Na wewe uliahidi." Akaanza kutembea kuelekea barabarani.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa Rubeni Mast, ibada ya leo iko nyumbani kwake. Watanitafutia dereva."

Kwa Rubeni Mast ni vilima viwili kutoka pale. Verna angeweza kuurudisha ule ufunguo. Aliufikiria, akamtazama Atlee aliyekuwa anahangaika kutafuta kitasa cha mlango, akaufumba mkononi kwa nguvu zaidi. Kisha akamhamishia Atlee kiti cha nyuma, akaketi mwenyewe kwenye usukani, akawasha taa za tahadhari, akamfuata mama yake kwa mwendo wa miguu, ili gari litakalotokea kilimani lione kuna mtu. Theluji ilikuwa imerundikwa pembeni, na Mama alitembea juu ya lami. Hakugeuka hata mara moja.

"Mngekuwa nyumbu," Atlee alisema kutoka kiti cha nyuma, "mngeuzwa jozi moja. Kwa ukaidi huo hakuna wa kuwatenganisha." Halafu akasinzia.

Walipanda kilima cha kwanza hivyo. Mteremkoni goti likamshinda Mama, akaketi juu ya kile kibao cha zege ambacho zamani watu waliwekea makopo ya maziwa. Verna alisimamisha gari. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akakiweka mwisho wa kibao, akarudi nyuma hatua kadhaa. Hapo Mama akakichukua, akanywa, mvuke ukimpanda usoni.

"Ni saa ngapi?"

"Inakaribia saa nne."

"Ibada haiishi mpaka saa sita." Mama alikizungusha kile kifuniko mikononi. "Mattie hatangoja."

"Basi panda, Mama. Nitakuwekea kiti cha nyuma kama hutaki kuketi nami. Sitasema neno njia nzima."

Mama alilitazama gari kwa muda mrefu, lile blanketi lililotandikwa, mlango uliobaki wazi. "Nakitaka sana kile kiti," alisema. "Usidhani sikitaki." Akaweka kifuniko chini, akajifuta pua na ncha ya shali. "Nenda wewe."

"Mimi?"

"Nenda kwa Mattie. Umwambie nilikuwa njiani."

"Watanifukuza, Mama."

"Hawatakufukuza. Watakunyamazia tu. Hilo umeshalizoea." Kisha akapaza sauti. "Atlee! Shuka. Utanirudisha nyumbani kwa miguu, na baridi ikutoe hiyo pombe."

Verna akaondoka. Aliendesha maili zote zile na kile kiti kitupu pembeni yake, akilia kwa sauti, kwa kuwa ndani ya gari hakuna wa kumsikia.

Hospitalini alimkuta Erma peke yake chumbani, kofia yake nyeupe imepinda kwa kukesha. Erma alimtazama toka kitambaa hadi viatu.

"Fannie yuko wapi?"

"Yuko njiani," Verna alisema. Hakuwa amesema uongo bado.

Erma alisogea dirishani, akampa mgongo. Akaingia muuguzi, Mwingereza asiyejua lolote, akawaona wanawake wawili na mmoja amechoka, basi akamkabidhi Verna kikombe cha barafu iliyopondwa na kijiko. "Mpe kidogo kidogo," alisema, akatoka. Verna akabaki amekishika, bila kujua akiweke wapi.

Mattie akafumbua macho. Alikuwa amebaki mdogo mno kitandani. Alimtazama Verna, kile kitambaa, taya lile ambalo wote husema Verna amelirithi kwa Fannie.

"Fannie," alisema. "Umekuja."

Verna alimgeukia Erma. Erma alikuwa anaangalia magari huko chini.

"Nimekuja, Mattie," alisema Verna. Hakuwa amewahi kumwita mkubwa kwa jina tupu maisha yake yote.

"Na hilo goti? Umekuja na nani?"

Watu hudhani uongo hutungwa. Huu ulikuwa umekaa tayari miaka mingi. "Verna amenileta," alisema. "Kwa gari lake."

Mattie alipumua kwa shida. "Umepanda."

"Nimepanda."

"Heri," alisema Mattie. "Heri, Fannie." Akafungua mdomo kama mtoto, na Verna akamlisha barafu, kijiko kimoja. Ikayeyuka mdomoni, ikamezwa. Tangu aondoke hapakuwa na mtu wa kwao aliyepokea kitu kutoka mkononi mwake. Lakini Verna alijua kwamba kilichopokelewa hakikuwa chake.

"Mpe tena," alisema Erma, bado akitazama dirishani. "Kwangu alikuwa anakataa."

Akampa tena. Mattie akamshika mkono, hakuuachia, mpaka alipokata roho saa tisa alasiri.

Jua lilikuwa linashuka Verna alipofika kwa mama yake. Atlee alikuwa amelala kwenye benchi jikoni, amefunikwa shali. Hapakuwa na chakula mezani, kwa hiyo waliweza kuketi pamoja, Mama upande huu na Verna upande ule.

"Amekwenda?" Mama aliuliza.

"Saa tisa, Mama."

"Aliniulizia?"

"Alidhani mimi ndiye wewe."

"Ukamwacha adhani?"

"Nikamwacha. Akauliza umekuja na nani." Verna alitazama mbao za meza. "Nikamwambia, Verna amenileta."

Mama ni mwanamke aliyekuwa radhi kufa barabarani kuliko kuvunja neno lake, na sasa neno la uongo lilikuwa limesemwa kwa jina lake, kwa mtu anayekufa. Verna alingoja aambiwe aondoke.

"Akasemaje?"

"Alisema, heri, Fannie. Kisha akanishika mkono mpaka mwisho."

Mama akaanza kulia, bila sauti, machozi yakimshuka hadi kwenye ukosi. "Mkono upi?"

"Huu." Verna akauweka juu ya meza.

Mama aliutazama. "Mattie alikuwa na mikono ya baridi tangu tulipokuwa wadogo," alisema. "Kitandani alikuwa akiipachika makwapani mwangu, eti niipashe moto. Ilikuwa ya baridi?"

"Ya baridi, Mama."

Mama aliweka mkono wake mezani pia, karibu na ule, karibu kabisa, ukakaa pale. Kisha akainuka kwa lile goti lake, akaenda kuongeza kuni kwenye jiko. Verna aliuacha mkono wake pale pale mezani, mpaka Mama alipomwambia, mgongo ukiwa umegeuka, kwamba giza linaingia na barabara ina barafu, aendeshe polepole.